Baraza Haijengwi Nyuma ya Nyumba

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii yafaa kukumbushwa leo, maana mwenye kutaka kujenga ofisi siku hizi, akifungua simu yake tu, hukutana na wataalamu wa Vastu wakimweleza mlango uwe wapi, meza ya mkubwa ielekee wapi, na chumba cha mikutano kikae pembe gani ili biashara ishamiri. Wako wanaosadiki na wako wanaocheka. Mimi naona wote wawili wanalipita suala lenyewe, nalo ni hili: pahali pa kushauriana panafaa kuwa wapi, na kwa faida ya nani?

Tuanze kwa insafu. Vastu ni elimu kongwe ya Wahindu ya kupanga majengo, wala si upuuzi wa juzi. Katika karne ya 6 mnajimu Varahamihira aliiandikia mlango mzima katika kitabu chake Brihat Samhita. Kiwanja hugawanywa miraba 64 au 81, na kila upande ukapewa mwenyewe. Kaskazini ni kwa Kubera mwenye mali, kusini-mashariki ni kwa Agni wa moto, kaskazini-magharibi ni kwa Vayu wa upepo. Ndipo wataalamu wa leo, wengi wao, wakasema mkubwa wa kazi akae pembe ya kusini-magharibi, na chumba cha mikutano kiwe kaskazini-magharibi kwa Vayu, ili maneno yasikwame na wageni wasigande.

Sisi Waislamu wa mwambao tusiwe wepesi wa kucheka, maana nyani haoni kundule. Wazee wetu nao hawakuweka msingi mpaka mwalimu apige falaki, ataje siku na saa. Katika magofu ya Gede, ambayo Bwana James Kirkman aliyachimbua tangu 1948 mpaka 1958, vilionekana vyungu vya fingo vilivyofukiwa ili kulinda nyumba. Huyo alikuwa na Vayu, na huyu alikuwa na fingo lake. Sheria yetu haikuliacha jambo hili hewani. Kutazamia mkosi na heri katika vitu ni tiyara, na Mtume wetu (s.a.w.) aliikataza. Na mwenye kudhani kwamba wema wake umo katika upande alioelekeza uso, na aisome aya ya 177 ya Suratul Baqara ataratibu.

JUA NA PEPO

Tukishaondoa bahati na mkosi, panabaki jambo la maana: jua, upepo na watu. Hapa ndipo ninapowaambia wenzangu kwamba hata kwa akili tupu, ramani ya Bara Hindi haiwezi kutandikwa Malindi kama ilivyo. India yote iko kaskazini ya ikweta, na sehemu kubwa ya mwaka jua lao hupita upande wa kusini. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta. Jua letu hupita utosini, mara likiinamia kaskazini, mara kusini. Pepo nazo ni ndugu, lakini hazivumi upande mmoja. Kusi yetu hutufikia kutoka baharini, kusini-mashariki; ikivuka ikweta hupinda, ikawapiga wao kutoka kusini-magharibi na mvua zake. Na kaskazi yetu, tangu Disemba mpaka Machi, hutoka kaskazini-mashariki.

Basi mwenye kuweka chumba cha mikutano kaskazini-magharibi hapa Kilifi amekikosesha upepo wa kusi na wa kaskazi pia, kisha akakipa jua lote la alasiri. Itambidi afunge madirisha na kuwasha mashine ya baridi kutwa. Vayu mwenyewe angeshangaa!

Wazee wetu waliyajua haya. Tazama nyumba za mawe za Lamu, mji ambao Unesco iliutia katika urithi wa dunia mwaka 2001. Aghalabu zilielekezwa kaskazini, upande wa kibla, maana kwetu Makka iko kaskazini takriban sawasawa. Malindi na Makka zote zimekaa karibu na longitudo ya nyuzi 40. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti. Kisha vikapangwa kwa daraja. Mtu hufika kwanza dakani, penye viti vya mawe pande mbili za mlango. Akikaribishwa huingia tekani, kisha kiwandani penye mwanga, kisha msana wa tini na msana wa yuu, na mwisho kabisa ni ndani, pahali pa siri za wenyewe. Mgeni wa kulala alikuwa na sabule yake. Kila neno lilikuwa na pahali pake, na neno la watu wote lilisemwa dakani, mlangoni, mbele ya njia.

NENO LENYEWE LINASEMA

Neno baraza limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutoka nje na kudhihiri mbele ya watu. Aliyehitimu chuoni atakumbuka kwamba mzizi huu umetumika katika kisa cha Taluti na Jaluti, pale majeshi yalipojitokeza uwanjani. Kwetu likawa jina la kibao cha mawe mbele ya nyumba, kisha jina la watu wanaokaa hapo kushauriana, mpaka leo tunasema Baraza la Mawaziri. Kibao kimezaa serikali! Ajabu ni kwamba tumelihifadhi jina tukakitupa kitu chenyewe, tukakichukua chumba cha shauri kutoka mlangoni tukakipandisha ghorofa ya juu, nyuma kabisa, penye zulia nene na mlango wa kufunga kwa ufunguo.

Pahali pa kukutania hapakuwahi kuwa jambo dogo katika pwani hii. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi Aprili 1498 alikataa kushuka, akidai bwana wake hakumpa ruhusa ya kukanyaga nchi kavu. Mfalme wa Malindi akatoka kwa chombo chake, na mazungumzo yakafanyika juu ya maji. Kila mmoja alijua kwamba mwenye pahali ndiye mwenye neno.

Na jirani zetu Mijikenda je? Ndani ya kaya zao palikuwa na moro, uwanja wa shauri, katikati kabisa ya makazi, wala si pembeni. Mekatilili wa Menza alipowainua Wagiriama mwaka 1913, watu waliitwa Kaya Fungo wakala kiapo. Waingereza walijibu vipi? Mwaka 1914 waliilipua kaya ile kwa baruti. Walifahamu kwamba ukivunja pahali pa shauri umevunja nusu ya shauri lenyewe.

Wakoloni walijua pia njia isiyo na mlio. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wakazi wa ukanda wa pwani wapeleke madai ya ardhi zao kwa afisa. Wengi, Mijikenda hasa, hawakufika. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali, na mpaka leo wajukuu wao huitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Shauri lilipitishwa mahali ambapo mwenye shauri hakuwapo.

Kwa hiyo nikiona mzee wa Magarini ameshikilia fimbo na bahasha yake ya karatasi za shamba, akiambiwa na bawabu kwamba mkutano uko juu na lifti imeharibika, sioni jambo la usanifu tu. Nimeyaona hayo kwa macho yangu katika ofisi moja ya umma. Mzee alikaa juu ya ngazi, mkutano ukaisha, karatasi zake zikarudi nyumbani zilivyokwenda.

Najua nitajibiwa kwamba si kila neno la kusemwa mlangoni. Kweli. Kuna hesabu za kampuni, kuna aibu za watu za kusitiriwa, na dini yetu imetuamrisha sitara. Lakini nyumba ya Lamu ilikwisha kulijibu hilo: ilikuwa na daka, na ilikuwa na ndani. Kosa la ofisi zetu ni kwamba zina ndani tupu, hazina daka. Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inaliamuru kila Bunge la Kaunti kufanya kazi yake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Uwazi huo utapitia wapi ikiwa jengo halina pahali pake?

Rai yangu kwa wanaojenga ofisi za umma, Kilifi, Malindi na kwingineko mwambaoni, ni hii. Chumba cha mashauri ya watu kiwe chini, kandokando ya mlango mkubwa. Madirisha yake yafunguke kaskazini-mashariki na kusini-mashariki, yapokee kaskazi na kusi. Mbele yake kuwe na kivuli na vibao vya mawe, na njia ya mteremko kwa vilema na wazee. Kibla kijulikane, ili adhuhuri ikiingia mtu asipoteze zamu yake kwa kutafuta pa kusalia. Zaidi ya hapo, mwenye siri na awe na chumba chake cha ndani.

Wahindu na wabaki na elimu yao, nasi tuifufue yetu. Sura nzima ya Qurani, ya 42, imeitwa kwa jina la Shura. Umma uliopewa sura hiyo hauna udhuru wa kuificha shura nyuma ya ngazi. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee wenyewe ni lazima kwanza waweze kuingia.

Wabillahi tawfiq.