Orodha ya ukaguzi isomwe, si kujazwa tu

Hata daktari bingwa husahau. Akili iliyochoka au kukatizwa huruka hatua iliyozoeleka. Ndiyo maana mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa kwa sauti: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua, na kabla mgonjwa hajatolewa chumba cha upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, ikiwemo ya Ifakara, Tanzania. Vifo vya waliopasuliwa vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Lakini fomu iliyojazwa tiki bila kusomwa haiokoi mtu. Hospitali zisimamie usomaji huo, na muuguzi anayesema “subirini” asikilizwe, asikemewe. Kumwadhibu aliyekosea pekee hakuzuii kosa lijalo.