Kwale wa Udzungwa na Kima wa Sanje

Aghalabu inapotajwa milima ya Udzungwa, kusini mwa Tanzania, husifiwa kima wa Sanje, naye kwale wa msitu huachwa akichakura majani makavu bila kutajwa. Upendeleo huo hauna msingi katika elimu ya viumbe.

Wote wawili walijulikana kwa wenyeji kabla ya wataalamu. Mwaka 1979 watafiti waliokuwa wakichunguza mbega wekundu karibu na maporomoko ya Sanje walisikia mlio wasioufahamu. Wenyeji waliufahamu, na mnyama mwenyewe walimwita ngolaga. Kwale alichelewa hadi 1991, na hakuonekana kwanza msituni bali chunguni: watafiti waliopiga kambi waliona miguu ya ndege wa ajabu ikielea katika chakula chao cha jioni. Mwaka 1994 alipewa jina la Xenoperdix udzungwensis, na ikaonekana kwamba anashabihiana na kwale wa Asia kuliko wa Afrika. Chungu kile kilichemsha historia ya mamilioni ya miaka.

Watetezi wa kima hudai kwamba akilindwa yeye, na ndege watakuwa wamelindwa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama viumbe hao wangeishi pamoja. Kima wa Sanje hupatikana katika misitu miwili tu, Mwanihana na Uzungwa Scarp. Kwale makao yake ni misitu ya juu ya Ndundulu na Nyumbanitu. Mlinzi wa Mwanihana, hata awe hodari namna gani, hamkingi ndege aliye Ndundulu.

Kinachowaunganisha ni hatari. Kima huyu, tofauti na mbega, hutumia sehemu kubwa ya siku ardhini akitafuta mbegu na wadudu. Kwale naye hula papo hapo chini. Tanzi la waya haliulizi aliyeingia ni nani. Lakini kima ana mlio unaosikika mbali, na ukikoma watu watauliza. Kwale hujificha, na anaweza kupungua pasipo mtu kushtuka.

Ndiyo maana kwale anastahili hesabu yake mwenyewe, ifanywe mara kwa mara huko Ndundulu na Nyumbanitu, na wawindaji wa zamani washirikishwe. Hao ndio waliomjua kabla hajapata jina la Kilatini.