Andika Uvimbe Ulianza Lini

Kinundu kikijitokeza kwenye kigasha cha kijana, kikakua kwa wiki tatu na kuuma kidogo kikiguswa, ugonjwa wa kwanza kutajwa ni saratani. Kikitolewa na kutazamwa kwa hadubini, hofu huongezeka: seli nyembamba zimejazana, na nyingi zinagawanyika. Kwa sura hiyo ni rahisi kuandika sarkoma. Kumbe huenda ni fasaitisi ya vinundu, uvimbe usio saratani ambao hukua haraka, husimama, na aghalabu husinyaa wenyewe hata usipoondolewa wote.

Konwaler na wenzake waliueleza mwaka 1955, na jina walilouchagua lilionya waziwazi kwamba unaiga sarkoma. Kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa ni mwili tu unaojibu jeraha. Mwaka 2011 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walionyesha kwamba ndani ya seli zake jeni mbili, MYH9 na USP6, huwa zimeungana. Ni uvimbe wa kweli, basi, ila unaojimaliza. Kipimo cha muungano huo husaidia sana penye shaka, lakini maabara nyingi za mikoa na wilaya hazinacho, na mgonjwa hawezi kungoja mpaka kinunuliwe.

Tulicho nacho sote ni fomu ya maombi ya kipimo, na hiyo ndiyo tunayoipuuza. Inafika maabara imeandikwa “uvimbe mkononi” na sahihi chini yake. Mtaalamu wa patholojia anahitaji kujua umri wa mgonjwa, mahali hasa palipovimba, ukubwa kwa sentimita, kama uvimbe uko kwenye ngozi, chini yake au ndani ya msuli, na zaidi ya yote ulianza lini. Fasaitisi ya vinundu kwa kawaida haizidi sentimita 3, na mgonjwa huhesabu wiki au miezi michache. Seli zilezile zikitoka kwenye uvimbe wa sentimita 9, uliozama ndani ya paja la mzee, jina hilo halifai kuandikwa bila kufikiri upya. Mahali napo hutoa ushahidi. Elastofibroma, iliyoelezwa na Järvi na Saxén mwaka 1961, hukaa chini ya mfupa wa bega kwa watu wa makamo na wazee, wanawake zaidi. Mtaalamu aliyeambiwa mahali hapo hukaribia jibu kabla ya kuwasha taa ya hadubini.

Simaanishi kwamba kila kinundu cha nyuzi kipewe baraka. Dematofibroma ya mguuni, ile inayobonyea katikati ukiibana kwa vidole viwili, ina mwenziwe hatari: dematofibrosarkoma protuberansi, inayopenya mafuta ya chini ya ngozi na kurudi isipokatwa kwa upana wa kutosha. Kipande kidogo cha juujuu hakionyeshi mpenyo huo. Rangi ya CD34 husaidia kuzitenganisha, lakini haisomwi peke yake. Na hapa Afrika Mashariki, seli nyembamba kwenye ngozi lazima zituulize kuhusu sarkoma ya Kaposi, ambayo kirusi chake, HHV-8, kilitambuliwa mwaka 1994 na kinaweza kutafutwa moja kwa moja kwenye tishu.

Inaniuma kufikiri kwamba mtu anaweza kukatwa mkono au kupewa dawa kali za saratani kwa uvimbe ambao ungeisha wenyewe, kisa mstari mmoja uliachwa wazi. Daktari wa upasuaji akipokea jibu la sarkoma lisilolingana na alichokiona kwa macho yake, ampigie simu mwenzake wa maabara kabla ya kupanga siku ya chumba cha upasuaji. Naye wa maabara akikosa historia, aidai kabla ya kutia sahihi. Ndiyo maana makala zote za wagonjwa katika toleo hili tumeziomba zianze na maelezo ya mgonjwa mwenyewe, na picha za hadubini zifuate.