Usikopee oveni kubwa kabla hujaijua hiyo ndogo

Mama anayeoka keki za kuuza akiniambia oveni yake ya mezani inaunguza juu na katikati inaacha mbichi, najua kinachofuata: anataka mkopo wa kikundi anunue kubwa. Mimi nasema subiri. Rejesho halingoji keki ziuzike.

Mara nyingi tatizo ni swichi ya joto. Kwenye oveni hizi za bei nafuu, ukiweka 180, ndani inaweza kuwa 200 au 160. Nunua kipimajoto kidogo cha oveni, kiweke katikati ya wavu, washa dakika 15 bila kitu, kisha soma. Ukiona tofauti, chora alama yako pembeni ya swichi.

Ikiwa yako ina feni, punguza nyuzi 20 hivi kwenye maelekezo ya oveni isiyo na feni, maana upepo ule huivisha upesi. Trei isiguse kuta. Wavu uwe chini kidogo, kwa kuwa koili ya juu iko karibu mno na keki. Ikianza kuwa kahawia mapema, ifunike kwa foili, ila isiguse koili. Na acheni kufungua mlango kila dakika mbili, jamani!

Umeme nao: wati 1,500 zikiwaka saa nzima mfululizo ni uniti moja na nusu. Kwa hiyo keki ikitoka, ingiza skonzi papo hapo oveni ikiwa bado ya moto. Plagi ichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni nyembamba inayotumiwa na friji.