Wenye Mirija Iliyoziba Wasubiri Hadi Lini?

Mwaka 1971, mwanasayansi Robert Edwards wa Cambridge na daktari Patrick Steptoe wa Oldham waliliomba Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza fedha za kuendeleza kazi yao ya kurutubisha mayai ya wanawake nje ya mwili (IVF). Wakanyimwa. Baraza lilitilia shaka usalama wa njia hiyo, na kwa hilo silaumu. Lakini liliona pia kwamba dunia imejaa watu, hivyo kupunguza uzazi ni jambo la haraka kuliko kuwasaidia wasiozaa.

Zaidi ya nusu karne baadaye, hoja hiyo bado hai kwetu Tanzania. Tiba ya utasa ikitajwa katika mjadala wa bima ya afya kwa wote, hakosi mtu wa kuuliza: sisi tunaozaana hivi, tutoe fedha ili wazaliwe wengine? Swali lina sura ya busara, ila linamwadhibu mtu kwa uzazi wa jirani yake. Mke aliyekaa miaka kumi bila mtoto, anayesimangwa na mawifi na kutishiwa kuletewa mke mwenza, hapunguziwi uchungu na takwimu za sensa.

Tena tuutazame ugonjwa wenyewe. Lesley Brown, aliyemzaa Louise, mtoto wa kwanza wa IVF duniani, tarehe 25 Julai 1978, alikuwa na mirija ya uzazi iliyoziba. IVF ilibuniwa hasa kwa ajili ya wanawake kama yeye: yai linatolewa, linakutanishwa na mbegu maabara, kisha kiinitete kinawekwa katika mji wa mimba bila kupitia kwenye mirija. Na Afrika kusini mwa Sahara ndiko tatizo hili lilikoenea sana. Chanzo kikubwa ni maambukizi: kisonono na klamidia visivyotibiwa mapema, au vijidudu vilivyoingia baada ya kujifungua ama mimba kuharibika. Kwa hiyo wengi wa tunaowaambia wasubiri ni wagonjwa ambao huduma zetu za afya zilishindwa kuwatibu mapema. Kuwafungia mlango mara ya pili ni dhuluma.

Hoja yenye uzito zaidi ni gharama. Kwa sasa mzunguko mmoja wa IVF katika hospitali binafsi hula mamilioni ya shilingi za Tanzania, na hauna uhakika. Hata katika majaribio ya Edwards na Steptoe huko Oldham, wanawake 282 walijitolea, na kati ya viinitete 112 vilivyopandikizwa walipatikana watoto wawili tu. Lakini mafanikio yale hayakuletwa na mashine za fahari. Dawa za kukuza mayai mengi zilipovuruga mji wa mimba, timu iliamua kulifuata yai moja la mzunguko wa kawaida, ikipima homoni katika mkojo na kuingia chumba cha upasuaji hata usiku wa manane. Jean Purdy, muuguzi aliyegeuka nguzo ya maabara ile, alifanya kazi kwa vifaa ambavyo leo vingeonekana duni.

Njia ya urahisi haijafungwa. Huko Genk, Ubelgiji, watafiti wamepata watoto kwa kukuza viinitete ndani ya mirija ya kioo, hewa ya kaboni dioksidi ikitengenezwa kwa soda ya kuokea na asidi ya limau badala ya mitambo ya bei kubwa. Dawa na wataalamu bado wanahitaji kulipiwa, lakini gharama ya maabara inashuka mno. Hospitali zetu za rufaa zingeanzia hapo.

Bima nayo isikimbilie IVF moja kwa moja. Ianze kwa kulipia matibabu ya maambukizi, kisha upimaji wa mirija na wa mbegu za kiume. Na mume apimwe siku ileile na mkewe. Tangu 1992, wataalamu wa Brussels walipotangaza mimba zilizopatikana kwa kudunga mbegu moja ndani ya yai, hata mwanamume mwenye mbegu chache ana tiba, ila hataipata akikataa kupimwa.