Muuguzi aitwe mpakani kabla ya pingu

Mfanyabiashara mdogo ambaye nyanya zake zimezuiliwa Namanga kwa siku mbili, zikioza pamoja na mtaji wa mkopo, anaweza kufika mahali akaona hana pa kutokea. Akianza kulia bila kukoma au kutamka kwamba ni heri afe, mara nyingi anayeitwa ni askari.

Sheria nayo inatofautiana. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinalihesabu kosa. Hivyo mtu yuleyule, kwa tendo lilelile, ni mgonjwa upande mmoja wa lango na mtuhumiwa upande wa pili. Jumuiya yenye umoja wa forodha tangu 2005 haipaswi kulivumilia hilo.

Anayestahili kuitwa kwanza ni muuguzi wa afya ya akili. Katika saa ile ya kwanza humtoa mhusika kwenye umati, huondoa vitu vinavyoweza kumdhuru, hukaa naye na kuzungumza taratibu, kwa maneno machache. Kisha humuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Humfungulia mlango wa kusema. Hamwachi peke yake hadi apokewe na ndugu au hospitali.

Gharama haitishi. Vituo vya huduma kwa pamoja mpakani tayari vina dawati la afya, ambalo wafanyabiashara wanalijua kwa kadi ya homa ya manjano na kupimwa joto wakati wa UVIKO-19. Kinachopungua ni muuguzi aliyefunzwa katika kila zamu, chumba tulivu, na barua moja ya rufaa inayokubalika Mirembe, Dodoma, na vilevile Mathari, Nairobi.

Wafanyabiashara nao wana wajibu. Mwenzao akizidiwa, wasimzingire wala kumpiga picha. Mmoja abaki naye, mwingine alinde mzigo na karatasi zake za forodha, kwa sababu hofu ya kupoteza mali humzidishia dhiki.

Mawaziri wa afya na wa sheria walifikishe suala hili katika Baraza la Mawaziri la Jumuiya. Nyanya zikioza, hasara hulipika. Uhai ukipotea, haurudi.