Leadville ilitupatanisha

Tangu Denver mimi na Mama Asha tulikuwa tumenuniana. Pesa za kodi nilimkopesha rafiki kimyakimya, naye kagundua njiani! Tukasimama Leadville, Colorado, mji ulio zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Hatua mbili tu, pumzi juu juu.

Pale tukakuta habari za Horace Tabor, tajiri wa madini ya fedha aliyemwacha mkewe, akamwoa mrembo Baby Doe. Mwaka 1893 bei ikaporomoka, jamaa akafilisika. Wengi walidhani mrembo atatimka. Wapi! Alibaki naye hadi mzee alipofariki 1899, kisha akaishi kibandani mgodini mpaka kufa, 1935.

Mama Asha akanigeukia: “Umaskini nitauvumilia, Baba Asha. Siri, hapana.”

Jamani, nikaomba radhi palepale.